Maswali ya Wasomaji: Mshangao Huenda Wapi Tukishakuwa Watu Wazima?

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuandikie kuhusu raha ndogo ndogo za maisha, na kuhusu sababu zinazozifanya ziwe adimu kadiri umri unavyosonga. Barua zimekuja nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua sita, baadhi yake tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyahifadhi.

Mshauri, shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 41 na kazi yangu ni uhasibu. Nilipokuwa mtoto, mvua ikianza nilikimbilia dirishani kutazama matone yakishindana kuteremka kwenye kioo, nikakaa hapo mpaka mama aniite mara ya tatu. Siku hizi mvua ikinyesha nawaza nguo nilizoanika na foleni ya barabarani. Vitu vingi nilivyovitamani nimevipata, na kila kimoja kilinifurahisha kwa wiki chache kisha kikageuka kuwa sehemu ya samani. Je, utu uzima ndio huu, au kuna kitu kilichopotea ambacho kinaweza kurudi? – Mhasibu

Marahaba, mdogo wangu. Unachokieleza si utovu wa shukrani wala si ugumu wa moyo, bali ni kazi ambayo ubongo wa kila mtu huifanya tangu uchanga. Wahenga waliligusa jambo hili waliposema kipya kinyemi ingawa kidonda. Mwaka 1964 mtafiti wa Marekani, Robert Fantz, aliwaonyesha watoto wachanga picha mbili mbili, moja ikirudiwa ile ile kila mara na ya pili ikibadilishwa, akapima wanaitazama ipi na kwa muda gani. Wale waliokwisha kupita umri wa miezi 2 walizidi kuipuuza picha waliyoizoea na kuelekeza macho kwenye ile ngeni. Kwa hiyo hata mtoto, tunayemsifu kwa kustaajabia kila kitu, huchoka, tena upesi: mwanasesere aliyeliliwa leo, kesho kutwa yuko uvunguni. Ubongo hauna budi kuwa hivyo, kwa maana kiumbe anayeendelea kushangazwa na ukuta wa chumba chake hatapata nafasi ya kumwona nyoka aliyeingia humo.

Kwa upande wa watu wazima, mwaka 1978 Philip Brickman na wenzake waliwahoji watu 22 walioshinda fedha nyingi katika bahati nasibu ya jimbo la Illinois, wakawalinganisha na watu wengine 22 ambao hawakushinda. Washindi hawakuwazidi wenzao furaha kwa kiasi cha kuhesabika, na walipoulizwa kuhusu mambo madogo kama kuzungumza na rafiki, kusikia kichekesho, kupata kifungua kinywa au kusoma jarida (naam, jarida), walisema wanayafurahia kidogo zaidi kuliko wale wasioshinda. Utafiti huo ulihusisha watu wachache, na tafiti kubwa za baadaye zimeonyesha kwamba fedha nyingi zinaweza kabisa kuongeza kuridhika na maisha, kwa hiyo asije mtu akautumia kuwahubiria wenye dhiki kwamba dhiki ina utamu wake. Kinachokuhusu wewe ni ile sehemu ya raha ndogo, ambayo inaonyesha kwamba kitu kikubwa kinaweza kukifunika kidogo hata kama hakikukiondoa.

Tofauti kati yako na yule msichana wa dirishani iko mahali pengine. Mwaka 2017 Daniel Plebanek na Vladimir Sloutsky wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio waliwaonyesha watu wazima na watoto wa miaka 4 na 5 maumbo mawili yaliyolaliana, moja jekundu na jingine la kijani, wakawaagiza waangalie la rangi moja tu. Umbo waliloagizwa lilipobadilika, watu wazima waligundua mara nyingi kidogo kuliko watoto. Lakini umbo ambalo hawakuagizwa kulitazama lilipobadilika, watoto waligundua katika asilimia 77 ya majaribio na watu wazima katika asilimia 63. Mtu mzima ni hodari wa kutupa asichokihitaji, na bila uhodari huo hesabu zako za mwisho wa mwezi zisingefungwa. Gharama yake ni kwamba unapoiendea mvua ukiwa na nguo na foleni kichwani, umekwisha kuiamulia mvua hiyo kazi yake kabla tone la kwanza halijaanguka, na mengine yote inayoyafanya yanapita kando.

Ninachokushauri, basi, ni kuchukua shughuli moja unayoifanya kila siku na kuiondolea lengo lake kwa dakika chache. Chukulia kuosha vyombo. Chovya kidole gumba na cha shahada katika maji ya sabuni, viunganishe kufanya pete, kisha vuta utando wa sabuni ndani ya pete hiyo na uusimamishe mbele ya dirisha. Mwanzoni hauonyeshi rangi za maana. Baada ya muda mfupi inatokea mistari ya kulala, ya waridi na kijani, ikifuatana kushuka chini, kwa sababu maji yaliyo katikati ya utando yanateremka na kuuacha ukizidi kuwa mwembamba kuanzia juu. Mwanga unaorudishwa na uso wa mbele hukutana na ule unaorudishwa na uso wa nyuma, na unene wa mahali hapo ndio unaoamua rangi gani ikolee na ipi ifutike, ingawa unene wenyewe ni kama sehemu ya mia ya unywele. Endelea kutazama sehemu ya juu kabisa. Rangi zinapotea, panabaki kipande kisicho na rangi, chenye giza kidogo, kana kwamba hapana kitu, na hiyo ndiyo ishara kwamba utando umekaribia kupasuka. Umeshika sabuni kwa miaka mingi. Sijui kama umewahi kuisubiri ifike hapo.

Jambo la pili ni dogo. Raha unayoipenda ikatize kabla hujaikinai. Leif Nelson na Tom Meyvis walionyesha mwaka 2008 kwamba watu waliokandwa mgongo kwa kukatizwa katikati waliifurahia huduma hiyo kuliko waliokandwa mfululizo, na cha kuchekesha ni kwamba watu wakiulizwa mapema husema hawataki kabisa kukatizwa. Wimbo unaoupenda usiuzungushe siku nzima. Uache uupate hamu.

Mwanangu ana miaka minne na hawezi kutembea hatua kumi bila kuchuchumaa kutazama kitu. Kila asubuhi tunachelewa shuleni, namvuta mkono, kisha siku nzima najilaumu kwamba naua udadisi wake. Nifanye nini? – Mama Mwenye Haraka

Dada yangu, asubuhi mvute mkono bila kujilaumu. Shule ina saa yake na mwalimu anamsubiri. Udadisi wa mtoto hauuawi na saa moja ya haraka. Tafuta safari moja isiyo na miadi, hata kama ni ya wakati wa kurudi tu, na katika safari hiyo yeye ndiye awe kiongozi na wewe mfuasi.

Akichuchumaa, chuchumaa naye, na hapo kuna jambo gumu ambalo wazazi wengi tunalishindwa: nyamaza. Akiwa anatazama msafara wa sisimizi, hamu yetu ni kumwambia kwamba sisimizi ana miguu sita na kwamba ni mchapakazi, tukaugeuza msafara kuwa somo na somo kuwa mawaidha. Yeye anaweza kuwa amekwisha kuona kwamba sisimizi wawili wakikutana husimama nukta moja na kuguzana kwa vipapasio kabla kila mmoja hajaendelea na njia yake, na anajiuliza wanaambiana nini. Akiuliza, jibu, na kama jibu hulijui, ungeni swali pamoja.

Mshauri, mimi ni mwanafunzi wa fizikia, mwaka wa pili. Zamani upinde wa mvua ulikuwa unanisisimua. Sasa nikiuona najua ni mwanga uliopinda katika matone ya maji, basi, nimemaliza. Je, elimu na mshangao haviwezi kukaa chungu kimoja? – Kijana wa Maabara

Mwanangu, nadhani bado hujaufahamu upinde huo vya kutosha, na nasema hivyo kwa upendo. Mwanzoni mwa karne ya 14 mwanachuoni wa Kiajemi, Kamal al-Din al-Farisi, alitengeneza tone kubwa la mvua kwa kujaza maji katika tufe la kioo, akaliweka katika chumba chenye giza na kufuatilia njia ya mwanga ndani yake: unaingia ukipinda, unarudishwa na ukuta wa nyuma, unatoka ukipinda tena. Karibu wakati huo huo, bila wao kujuana, Theodoric wa Freiberg alifikia jambo lile lile huko Ujerumani. Watu hawa wawili hawakuacha kustaajabu walipoelewa. Kuelewa ndiko kulikowapa la kustaajabia, kwa kuwa sasa walijua kwamba kila tone ni mtambo kamili.

Nenda na wewe hatua moja mbele ya sentensi yako ya mtihani. Mwanga mwekundu unakujia kutoka kwenye matone yaliyo nyuzi 42 hivi kuzunguka kivuli cha kichwa chako. Maana yake ni kwamba kitovu cha upinde kiko upande ulio kinyume cha jua, palipo kivuli chako mwenyewe, na ukisogea, unasogea nao. Rafiki aliyesimama ubavuni mwako anaonyeshwa rangi na matone mengine kabisa. Hata jicho lako la kulia na la kushoto hayatumii matone yale yale. Na kwa kuwa kila tone linaanguka, rangi unayoiona imetulia angani inapokezanwa na matone mapya bila kukoma. Jua likiwa limepanda zaidi ya nyuzi 42, hutauona ukiwa umesimama kwenye ardhi tambarare, hata mvua inyeshe vizuri namna gani. Ndiyo maana tunakumbuka pinde za asubuhi na za alasiri. Haya yote yamo ndani ya neno lako "basi".

Ninachohisi kimekuchosha si elimu bali kusoma kwa ajili ya alama, na hilo liliwahi kumpata mkubwa wa fani yako. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Richard Feynman alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell akijiona amekauka, hana wazo jipya wala hamu. Akaamua kwamba ataicheza fizikia kama alivyoicheza zamani, bila kujali kama kinachotokea kina umuhimu. Siku moja mgahawani mtu alirusha sahani juu, nayo ikawa inazunguka huku ikiyumba, na nembo ya chuo iliyokuwa juu yake ikionyesha wazi kwamba kuzunguka na kuyumba havikwendi kwa kasi moja. Akakaa kuzitafutia milinganyo mienendo hiyo kwa sababu tu ilimfurahisha. Alipomweleza Hans Bethe, aliyekuwa mkuu wake katika fani hiyo, akaulizwa umuhimu wake ni nini, akajibu kwamba hauna umuhimu wowote. Kutoka kwenye sahani akarudi kwenye mzunguko wa elektroni, na mwaka 1965 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Julian Schwinger na Sin-Itiro Tomonaga, kwa kazi ambayo yeye mwenyewe alisema ilianzia kwenye mchezo ule. Sikuahidi Nobel. Nakushauri tu uwe na tatizo moja la fizikia ambalo hakuna mtu atakayekusahihishia.

Kila ninachokiona kizuri nakipiga picha kwa simu, na mume wangu anasema sioni kitu kwa macho yangu mwenyewe. Pia naomba kuuliza: kwa nini mwezi mpevu ukichomoza unaonekana mkubwa ajabu, lakini kwenye picha unatoka kama punje? – Mpiga Picha wa Nyumbani

Dada yangu, mume wako ana hoja, ila si yote. Mwaka 2014 Linda Henkel alichapisha utafiti ambamo watu walitembezwa katika makumbusho, vitu vingine wakitakiwa kuvipiga picha na vingine kuvitazama tu. Kesho yake walikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha vikiwa vizima. Lakini pale walipotakiwa kuvuta kamera karibu na sehemu moja tu ya kitu, kumbukumbu yao haikudhoofika, tena hata ya zile sehemu ambazo kamera haikuzichukua. Mwaka 2016 Kristin Diehl na wenzake nao wakaonyesha kwamba kupiga picha kunaweza kuongeza furaha ya tukio, kwa kuwa kunamfanya mtu azame ndani yake. Basi piga, lakini chagua: ukucha mmoja wa paka, ukingo uliokunjamana wa jani, mkono wa bibi harusi ulioshika kitambaa. Picha ikishatoka, simu irudi mfukoni. Kuipeleka kwa watu na kusubiri watasema nini kunaweza kungoja jioni.

Kuhusu mwezi, picha yako ndiyo inayosema kweli. Mwezi unaochomoza hauna upana kuliko ulio juu utosini. Katika hali zote mbili unachukua karibu nusu ya nyuzi moja ya anga, na ukinyoosha mkono, ncha ya kidole chako cha mwisho inatosha kuufunika wote. Jaribu ukiwa karibu na upeo wa macho, kisha jaribu tena usiku ukiwa umepanda. Ukubwa ule unatengenezwa kichwani. Watu wamelijadili jambo hili tangu enzi za Wagiriki wa kale, na mpaka leo wataalamu hawajaafikiana juu ya maelezo yake. Kwa hiyo hapa una kitu ambacho kamera haiwezi kukichukua hata kidogo, nawe unakipata bure kwa macho makavu. Mwambie mume wako anyooshe kidole naye.

Kwa miezi miwili sasa hakuna kinachonifurahisha. Muziki, watoto, mpira, vyote vimekuwa sawa sawa tu. Usingizi nao umenikimbia. Nimejaribu kuhesabu mema kila usiku kama mnavyoshauri na sioni mabadiliko. – Jina Limehifadhiwa

Ndugu yangu, acha kuhesabu, na usijitafutie kosa. Kukosa raha katika mambo yaliyokuwa yakikufurahisha, karibu kila siku kwa muda wa wiki 2 au zaidi, ni mojawapo ya dalili kuu mbili ambazo waganga huzitazama katika ugonjwa wa sonona, na kukosa usingizi huja nayo mara nyingi. Mengine ninayoyaandika katika ukurasa huu ni kwa mtu ambaye raha yake imesinzia; wewe unahitaji kuonana na daktari au mhudumu wa afya wiki hii, umweleze haya haya uliyoniandikia, pamoja na tangu lini. Ugonjwa huu unatibika, kwa mazungumzo ya kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Na kama yamewahi kukupitia mawazo kwamba ni afadhali usiwepo, usingoje miadi. Mwambie leo mtu mmoja unayemwamini akae nawe, na muende pamoja kwenye huduma ya dharura.

Mdogo wangu, mimi ni mstaafu wa miaka 70. Nikiwapeleka wajukuu uwanjani, nami hupanda bembea. Wanangu wanaona aibu na kunong'ona "mtu mzima ovyo". Je, kuna umri ambao mtu anapaswa kuyaacha haya? – Babu wa Bembea

Shikamoo, mzee wangu. Umri huo siujui, na wanao ningependa wanijibu ni nani anayeumia. Aibu yao ni ya kawaida, ingawa nina shaka kwamba ndani yake kuna kijicho kidogo, kwa kuwa wao ndio wako katika miaka ya kuangalia saa.

Mwaka 2020 Virginia Sturm na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walichapisha matokeo ya utafiti juu ya wazee wenye afya njema waliotakiwa kutembea kwa miguu dakika 15 kila wiki kwa wiki 8. Nusu yao waliambiwa watembee tu. Wengine walielekezwa wayaendee matembezi kwa macho ya mtoto, wakitafuta kila mara kitu cha kuwastaajabisha, kiwe kikubwa kama upeo wa macho au kidogo kama mshipa wa jani. Wote walijipiga picha njiani. Kadiri wiki zilivyopita, wale wa kundi la pili walijaza nafasi ndogo zaidi katika picha zao wenyewe, mandhari yakachukua sehemu kubwa, na tabasamu zao zikapanuka. Vilevile walieleza furaha na huruma zaidi na msongo mdogo zaidi katika siku zao. Hawakulipa kitu wala kusafiri popote. Wanao wakikusema, waalike katika matembezi ya dakika 15, nao wachague njia.

Bembea yenyewe ina sababu nzuri ya kupendwa. Inapopita chini kabisa mwili unakuwa mzito kitini, na inapofika juu kabla ya kugeuka kuna nukta ambayo uzito unakuachia, na viungo vya usawa vilivyomo ndani ya sikio vinalipokea badiliko hilo kila mara kama jambo jipya. Viungo hivyo hudhoofika na umri, kwa hiyo anza taratibu, na ukihisi kizunguzungu simama. Kabla ya kukaa, kagua minyororo na kulabu zake, kwa sababu bembea nyingi za watoto hazikuundwa kwa uzito wa mtu mzima. Kama kiti ni chembamba na kinakubana kiunoni, hicho waachie wajukuu na utafute kipana. Na usiruke wakati bado inakwenda, hata wajukuu wakikushangilia vipi. Mifupa ya miaka 70 haipendi mzaha huo, na wanao watapata la kusema.